Tisa Nukta Nane Moja

Mama yake Conrad alinikumbatia mlangoni kabla sijafungua mdomo, na mimi niliyemharibia mwanawe jina nikamkumbatia pia, tena kwa nguvu.

"Annick! Karibu, mwanangu, karibu sana!" Alinishika mashavu kwa mikono yenye unga wa muhogo. "Yaani umetoka Kimironko mpaka huku Gahanga, na kazi za pamoja za umuganda ndiyo kwanza zimekwisha? Ingia, usisimame juani. Darasani kwenu mko arobaini. Tangu asimamishwe chuo, leo wiki ya tatu, hakuna aliyekanyaga hapa. Ni wewe peke yako."

"Asante, mama," nilisema, na sauti ikanitoka nyembamba kama ya mtu mwingine.

Nilikaa pale aliponionyesha, kwenye kiti kilichovalishwa kitambaa cha kufumwa, mkoba wangu nikaupakata. Ndani ya mkoba kulikuwa na daftari lenye jalada la bluu. Chuo kilikuwa kinajua kwamba daftari hilo limepotea. Mimi ndiye niliyewaambia.

Akaniletea maziwa ya mgando, kikombe kimejaa hadi ukingoni.

"Kunywa. Kwangu mgeni haachi kikombe nusu." Akaketi mbele yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana. "Mimi nimelea watoto watano kule Karagwe kabla hatujarudi Rwanda. Wanne walikuwa wakiiba sukari wananyamaza. Huyu Conrad akiiba, anakuja mwenyewe: 'Mama, nimelamba vijiko viwili na nusu.' Na nusu, Annick! Sasa leo nisikie kwamba amebuni namba za maabara. Conrad? Abuni?"

Nilikunywa maziwa ili nisijibu. Yalikuwa mazuri.

"Wewe ndiye uliyefanya naye hiyo kazi. Niambie kama unavyomwambia mama yako mzazi. Alibuni?"

"Hapana, mama. Hakubuni."

"Nilijua!" Alijipiga paja, macho yakamjaa machozi papo hapo. "Nilijua mimi! Basi Jumatatu kamati ikikaa, utawaambia. Wewe mtoto wa kanisani, watakusikia. Mungu akulipe, mwanangu."

Mungu anilipe. Niliomba kimoyomoyo asiwe na haraka.

Ngoja niseme wazi nilichokifanya, maana nimekizungukia vya kutosha.

Mwaka wa pili wa fizikia, kila wanafunzi wawili hupewa jaribio moja na ripoti moja. Mimi na Conrad tulipewa pendulamu. Unaning'iniza uzito kwenye uzi, unausukuma kidogo, unapima muda unaotumia kwenda na kurudi, na kutokana na muda huo unapata dunia inavuta vitu kwa nguvu kiasi gani. Conrad ndiye aliyepima. Siku tatu alikaa kwenye kile kiti kirefu cha maabara, saa mkononi, akihesabu kwa midomo bila sauti, na mimi nilitazama midomo hiyo kuliko nilivyotazama uzi. Kinyarwanda changu kina lafudhi ya Bujumbura, chake kina ya Karagwe, kwa hiyo tulikuwa tunakutana kwenye Kiswahili, na kwa Kiswahili ndiko alikohesabu. Kama kuna anayetaka kujua nilimpenda lini, ni hapo, kati ya thelathini na nane na arobaini.

Kuandika ripoti ilikuwa zamu yangu. Aliniachia daftari la vipimo, akaniambia, "Chapa kama lilivyo," akaenda kumsaidia mjomba wake ujenzi. Jumapili baada ya misa nilikaa nyuma ya vitenge vya mama yangu sokoni Kimironko, kompyuta mapajani, nikapiga hesabu. Jibu likaja tisa nukta saba saba. Kitabuni imeandikwa tisa nukta nane moja. Tangu sekondari kule Bujumbura ni tisa nukta nane moja, tuliiimba kama sala.

Mtihani wa umeme ulikuwa umenitoa jasho wiki mbili kabla. Ufadhili wangu unadai alama sabini, na mimi nilikuwa na sitini na nane. Mbele yangu mama alikuwa anamkunjulia mteja kitenge huku akinisifia. "Uyu mtoto yangu iko anasoma namna dunia inazunguka. Ni yeye ataninyanyua, sha." Nikasema moyoni, Conrad amekosea mahali, kachoka, maskini. Nikamsahihishia. Hapa nikapunguza sehemu ya kumi ya sekunde, pale mbili, taratibu, kama mtu anayechambua mchele. Jua lilipozama tulikuwa na tisa nukta nane moja, safi kabisa. Sikumwambia. Nilidhani namsitiri.

Daktari Mukeshimana, mwalimu wetu, alisoma Dar es Salaam, na akitaka kukemea huacha lugha zote nyingine akashika Kiswahili. Alituita ofisini sote wawili.

"Makundi kumi na tisa yamepata saba saba au saba nane," alisema. "Kigali tuko juu ya milima, tena karibu na ikweta. Hapa dunia inavuta pungufu kidogo. Hiyo nane moja ya kitabuni hamuipati hapa hata mkifunga siku arobaini na kuomba. Namba hizi zimepikwa."

Conrad akanigeukia taratibu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiuliza kwa macho tu. Na mimi, mtoto wa mtaa wa Buyenzi kule Bujumbura, ambaye mama husema nilizaliwa nikamsalimia mkunga, nikakosa maneno yote ila haya:

"Mimi nilichapa tu alichonipa."

"Daftari la vipimo liko wapi?"

"Limepotea, Daktari."

Conrad aliulizwa kama ni yeye aliyezipika, akasema si yeye, lakini ukurasa wa vipimo kwenye ripoti ulikuwa na jina lake. Akasimamishwa siku ile ile mpaka kamati ikae, na kamati ikimwona ana hatia, anafutwa chuo. Mimi nikatoka ofisini na nafasi yangu na ufadhili wangu. Tangu siku hiyo kila nikifumba macho namwona akinigeukia.

"Yuko kule kwenye nyumba ya mjomba wake," mama yake Conrad alisema, akinionyesha kwa kidevu kuta za matofali mekundu zilizokuwa zikipanda ng'ambo ya shamba la maharage. "Siku hizi mwanafizikia wetu ni kibarua. Nenda. Labda kwako atacheka. Kikombe nakifunika, utakimalizia ukirudi."

Nilimkuta peke yake, mafundi hawajarudi kutoka umuganda. Alikuwa amenipa mgongo, ameshika timazi, kile kipande cha chuma chenye ncha kinachoning'inia kwenye uzi, anaangalia kama ukuta umesimama wima. Shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho. Alikuwa amekonda. Mikono iliyokuwa ikishika saa ya maabara kama imeshika yai ilikuwa imepasukapasuka kwa saruji.

"Ukuta wako umepinda," nilisema. Ndivyo tulivyozoea kusalimiana, kwa kuchokozana.

Hakugeuka mara moja. "Milimita nne," alisema. "Afadhali ukuta, unapimika."

Halafu akageuka, na hotuba yote niliyoitunga njia nzima nyuma ya pikipiki ikaniacha hapo hapo.

"Umekonda," nilisema.

"Na wewe."

"Conrad, mimi..."

"Kaa kwanza. Hilo tofali ni kavu."

Nikakaa. Yeye akabaki amesimama. Ana tabia moja ambayo zamani nilikuwa naipenda: hukutazama mpaka umalize kusema, hata kama bado hujaanza. Siku ile ilinichoma. Nikafungua mkoba, nikatoa daftari, nikaliweka magotini. Jalada la bluu, na ile kona iliyomwagikiwa chai yake.

Alilitazama. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonivunja.

"Ulijua," nilisema.

"Tangu siku ile ofisini."

"Ulijua ninalo?"

"Annick, wewe hupotezi vitu. Unayo mpaka leo risiti ya kalamu uliyonunua mwaka wa kwanza."

"Sasa kwa nini hukusema?" Nikaanza kulia, na kilio changu hakina adabu, kina kamasi na kelele. "Kwa nini hukunionyesha kidole mbele ya Daktari? Ungenitaja, sha! Ungenitaja tukamaliza!"

"Niliulizwa kama ni mimi. Nikasema si mimi. Sikuulizwa ni nani."

"Usinifanyie fizikia saa hii!"

"Unataka nikufanyie nini?" Alikaa juu ya mfuko wa saruji, mbali nami kidogo, hatua mbili ambazo zamani asingeziacha. "Unataka ukweli? Wiki ya kwanza nilikuwa nakulinda. Nilijiona mwanaume kweli kweli. Nikawa najiambia, atakuja kesho. Wiki ya pili nikaanza kuhesabu. Kila pikipiki iliyokata kona pale barabarani niliihesabu. Wiki hii ya tatu sikulindi tena. Nilikuwa nataka tu kuona utafika wapi."

"Na kama nisingekuja?"

"Ningejua."

Upande wa pili wa shamba mtu alikuwa anapasua kuni, na kila shoka lilipoanguka nilijisikia kama nimestahili.

"Niliogopa," nilisema. "Mama yangu amejinyima kila kitu kwa ajili yangu. Angesikia nimefukuzwa..."

"Na mama yangu je?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Conrad akipandisha sauti. "Mama yangu anaamka saa kumi na moja alfajiri kuniombea. Haombi nishinde, Annick. Anaomba nisiwe mwongo. Juzi ananiletea chai, anakaa pembeni, ananiuliza kwa upole, 'Conrad, au labda ulichoka, ukaongeza kidogo?' Mama yangu! Mimi niliyekuwa namtajia hata nusu kijiko!"

Nikamkumbuka alivyojipiga paja na kusema alijua, na machozi yake. Kumbe hakuwa anajua. Alikuwa ananiomba nimrudishie imani yake, na mimi nikampa nusu ya ukweli nikanywa na maziwa juu.

"Nakupenda," nilisema. Halikuwa neno la wakati ule, lakini ndilo lililokuwepo. "Najua si udhuru."

"Na mimi nakupenda," alisema, kwa uso wa mtu anayesoma kipimo ambacho hakukitaka. "Ndiyo taabu yenyewe."

"Utanisamehe?"

"Bado."

Nilimeza hiyo bado. Ilikuwa chungu, lakini anayekwambia bado hajakwambia hapana, nikaishikilia. Nikamnyooshea daftari.

"Chukua. Jumatatu uwaonyeshe. Utarudi darasani siku hiyo hiyo."

Akaificha mikono nyuma. "Nikilipeleka mimi, wataniuliza nimelipata wapi. Niwadanganye, au nikutaje. Vyote viwili sivitaki. Limepotelea mikononi mwako, na lionekane mikononi mwako."

"Wataniondoa mimi."

"Huenda."

"Na ufadhili utakwenda."

"Huenda. Sitakudanganya." Alitazama chini, akaokota kipande cha tofali, akakigeuza geuza. "Ila kuna kitu kimoja kinaniuma kuliko hicho chuo. Nikuulize?"

"Uliza."

"Siku tatu ulikaa pale ukinitazama. Uliniona nikirudia kila kipimo mara kumi. Halafu umeona saba saba, ukadhani nimekosea, na hukunipigia hata simu. Kwa nini uliamini kitabu kuliko mimi?"

Hapo ndipo aliponipata. Kosa la namba nilikuwa nimelibeba wiki tatu, nilikuwa nimeuzoea uzito wake. Hili lilikuwa jipya. Nilitafuta jibu la kumpendeza, nikakosa, nikatoa lililobaki.

"Kwa sababu ningepima mimi, ningekosea," nilisema. "Nikadhani na wewe uko kama mimi."

Conrad akainuka. Akaichukua timazi, akaifunga kwenye mti wa jukwaa la mafundi, juu ya pale ambapo mlango wa sebule ungewekwa. Akatoa tepu ya mjomba wake mfukoni, akapima kutoka kwenye fundo hadi katikati ya chuma, akarekebisha, akapima tena. Mita mbili kamili.

"Njoo," alisema. "Safari hii unahesabu wewe. Mimi nashika simu."

"Conrad, kwa timazi ya fundi na saa ya simu hatuthibitishi kitu mbele ya kamati."

"Kamati itapata daftari. Hii ni yako."

Nikajifuta kamasi kwa mkono wa blauzi, nikasimama karibu naye. Akakivuta chuma upande kidogo, akakiachia, na timazi ikaanza kwenda na kurudi kwenye mlango usio na mlango.

Kumi za mwanzo nilihesabu nikilia. Kufika ishirini sauti ilikuwa imetulia. Kwenye thelathini niliona kwa pembe ya jicho kwamba midomo yake inahesabu pamoja nami, bila sauti, kama zamani, na thelathini na nane ilipofika nikashindwa, nikamtazama. Na yeye alikuwa ananitazama. Bega lake lilikuwa limegusa langu, sijui ni nani aliyesogea.

"Usipoteze hesabu," alisema.

"Arobaini," nikasema. "Arobaini na moja."

Nilitamani isifike mia. Lakini chuma hakijui matamanio ya mtu, kilikwenda na kurudi kwa muda ule ule, na mia ikafika.

"Dakika nne, sekunde arobaini na nne nukta nne," Conrad alisoma.

Nilichana kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, nikachukua penseli ya fundi, nikapiga magoti kwenye vumbi na kufanya hesabu. Hakunisaidia. Jibu likaja tisa nukta saba sita.

"Andika na kosa la kipimo," alisema.

Nikaandika: ongeza au punguza sifuri nukta sifuri tatu. Nikairudia hesabu, nikajipendelea kila mahali ambapo mtu anaweza kujipendelea, na nane moja haikufika. Mwaka wa pili unakwisha, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupata jibu ambalo sikuwa nimeliangalia kwanza kitabuni.

"Tia sahihi. Aliyehesabu ndiye hutia sahihi."

Nikaandika jina langu lote, Annick Ntakirutimana, kwa penseli nene ya fundi. Conrad aliinama, akanifuta shavu kwa nyuma ya kiganja, halafu akaurudisha mkono haraka, kama aliyeiba.

"Nenda," alisema. "Mama anakungoja na kikombe. Na sitamwambia kwa niaba yako."

"Sikukuomba," nilisema.

"Najua. Nimewahi tu."

Karibu acheke. Karibu.

Mama alikuwa amekifunika kikombe kwa sahani, nzi wasiingie. Aliniona nikipanda kutoka shambani, akasimama na tabasamu lililokuwa tayari.

"Amecheka?"

"Mama," nilisema, na sikukaa, kwa sababu ningekaa nisingesema. "Ulinipokea bure. Conrad alipima sawa. Mimi ndiye niliyezibadilisha zile namba, nikasingizia kwamba ni zake, nikaficha daftari lake. Liko hapa. Lilikuwa hapa wakati unanipa maziwa."

Tabasamu lilichelewa kuondoka. Lilibaki usoni pake peke yake, macho yameshaondoka. Alitazama mkoba, akatazama alama ya saruji shavuni pangu.

"Wewe," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nimekwambia Mungu akulipe."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimemuuliza mwanangu kama ni mwongo." Aliketi polepole kwenye kile kiti cha kitambaa. "Nimemuuliza kwa mdomo wangu huu. Yewe, Mana yanjye. Ee Mungu wangu."

Nilitaka kumpigia magoti, nikaona nitakuwa naomba tena, na nilikuwa nimeshaomba vya kutosha kwenye nyumba ile. Nikageuka niende.

"Rudi. Malizia maziwa."

"Mama, siwezi..."

"Nimesema kwangu mgeni haachi kikombe nusu. Kunywa."

Nikanywa nimesimama. Hakuniondolea macho mpaka tone la mwisho. Alikipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili.

"Usije hapa tena mpaka mwanangu awe amekaa darasani," alisema. "Hata akikuleta kwa mkono wake, usije. Akisharudi darasani, njoo. Siku hiyo nitakutazama upya. Sikuahidi nitaona nini. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Sasa unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Kimironko. Jumatatu asubuhi nitakwenda mbele ya..."

"Jumatatu?" Alicheka, cheko kavu. "Conrad amekungoja wiki tatu, na wewe unataka kulilalia hilo daftari siku mbili tena? Shetani anafanya kazi hata Jumapili, binti."

Barabarani dereva wa pikipiki alinipa kofia ngumu, akauliza bila kugeuka, "Sista, ni Kimironko?"

Niliishika ile kofia. Kimironko kulikuwa na mama yangu nyuma ya vitenge vyake, hajui kitu, anamsifia mteja mtoto wake. Ningemwambia jioni. Nilijua hata mahali atakapoweka mkono, hapo kifuani, kwenye rozari.

"Hapana," nilisema. "Nipeleke Kabeza."

"Kabeza? Iyo iko njia ingine kabisa."

"Najua. Twende tu."

Kwa Daktari Mukeshimana, huko Kabeza, tunapajua sote, ni pale tunapopeleka ripoti zilizochelewa. Viatu vyake vya umuganda vilikuwa mlangoni, vina matope. Alifungua geti mwenyewe, amejifunga kanga, miwani imepanda kichwani.

"Annick? Leo Jumamosi. Kuna nini?"

Nilimpa daftari. Alishusha miwani, akafungua pale pale getini, akapitisha kidole kwenye safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidole kikasimama, midomo ikapiga hesabu.

"Saba saba," alisema polepole. "Huyu kijana alipata saba saba." Aliinua macho. "Lilikuwa wapi?"

"Kwangu, Daktari. Siku zote lilikuwa kwangu." Mdomo ulikuwa umerudi. "Na mimi sikuchapa tu."

Alilifunga daftari.

"Unajua hili litakugharimu nini?"

"Najua."

Akasogea pembeni nipite, akanionyesha meza ya barazani, akaweka juu yake karatasi tupu na kalamu.

"Kaa hapo uandike yote, tangu mwanzo," alisema, kwa Kiswahili chake cha kukemea. "Kwa mkono wako. Usichape."

Nikakaa. Saruji ilikuwa bado shavuni, sikuifuta. Nikashika kalamu, nikaanza na jina la Conrad.